Kocha wetu amehamia Butere, wenzangu wanalia, mimi nimeshusha pumzi

Heshima kwenu wakuu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi huku huwa nasoma tu na kucheka na comments zenu. Leo nimevuta kiti niandike, kwa sababu hii kitu imenikaa kifuani karibu mwezi mzima na kwa group yetu ya mashabiki siwezi kuisema. Watanitoa.

Sitaongeza chumvi. Mahali nilikosea nitasema nilikosea.

Niko Lurambi, hapa kando ya Kakamega town. Ni fundi wa chuma, natengeneza milango, madirisha na mageti. Timu yetu sitaitaja jina. Iko league ya chini, na uwanja wetu una fence upande mmoja na shamba la mahindi upande ule mwingine. Mpira ukiingia kwa mahindi, game inasimama mpaka upatikane. Lakini tunaipenda hiyo timu, acha tu.

Kazi yangu pale ni isukuti. Kwa wale mko mbali, hizo ni ngoma zetu za harusi na za matanga. Huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, unaibana kwapani na kuipiga kwa mikono. Ile kubwa ni yangu na wale wawili wengine hunifuata mimi.

Ilikuwa ya marehemu baba. Aliipigia timu hii kabla mimi sijajua kutembea. Siku tulipomzika ilipigwa, na kutoka siku hiyo ikawa yangu.

Sasa, misimu miwili iliyopita tuliletewa kocha kutoka Likuyani. Tumwite Kocha Makokha. Mtu mrefu, mkimya, zamani alikuwa mwalimu, na popote anapoenda ana kadaftari mkononi.

Baada ya game yake ya tatu, ambayo tulikuwa tunaongoza halafu tukafungwa dakika za mwisho, hakuenda kwa wachezaji. Alikuja moja kwa moja mahali tulikuwa tumesimama na ngoma zetu.

Akaniambia, "Fundi, hii ngoma ikae nyumbani."

Nikauliza, "Mpaka lini, Kocha?"

"Mpaka siku nitaondoka mimi."

Basi. Hakueleza. Akageuka akaenda zake.

Wakuu, niliumia. Niseme wazi, niliumia kama mtu amefukuzwa kwao. Nilitegemea mashabiki wenzangu wanitetee, lakini shida ikawa moja: tukaanza kushinda. Kutoka timu ya kushuka daraja tukafika nafasi ya nne. Nani atasikiliza mpiga ngoma wakati huo?

Shikuku, ambaye ndiye katibu wetu wa mashabiki na rafiki yangu tangu shule, aliniambia hivi: "Fundi, unataka points ama unataka harusi?"

Nikarudi kwa vyuma vyangu.

Ngoma ikakaa jikoni kwa Mama, na bila hiyo zile mbili hazina wa kufuata, zikanyamaza pia. Mwanzo ilitundikwa ukutani kwa heshima. Baadaye Mama akaona inachukua nafasi, akaishusha na kuweka kikapu cha vitunguu juu yake. Kila siku nikienda kula naona vitunguu vimekalia ngoma ya baba. Na kila siku ya mechi nasimama pale uwanjani mikono mfukoni, sijui niiweke wapi.

Huyo Kocha nilimchukia. Tukifunga bao nashangilia, halafu nakumbuka ni yeye, nashangilia nusu.

Sasa twende kwa ile Jumatano.

Ilikuwa karibu saa sita mchana, nakata vyuma vya dirisha la mtu. Simu ikaanza kutetemeka, haiachi. Kuangalia, ni group ya mashabiki. Kocha Makokha amesaini Butere.

Hapo ni lazima mnielewe. Angeenda Nairobi tungemuaga vizuri na tungejisifu. Lakini Butere? Hao ni majirani zetu, tunawajua kwa majina, na tukikutana nao hata mtoto wa kuokota mpira huwa anatukanwa.

Group iliwaka. Mmoja alipiga picha ya jezi yake akiwa anapangusia pikipiki. Mwingine akaandika kwamba yeye alijuanga tangu mwanzo, ile kadaftari ilikuwa ya kupelekea Butere siri zetu. Shikuku alituma voice note ya dakika mbili, na nusu ya hiyo voice note ilikuwa kulia tu. Mama Nekesa, anayeuza mandazi pale gate, ambaye kila mechi alikuwa anampa Kocha mandazi mawili ya kwanza kutoka kwa mafuta, aliandika mstari mmoja: "Na mandazi yangu alikuwa anamaliza yote."

Mimi nilizima grinder. Nikakaa juu ya gate ambalo sijamaliza kupaka rangi.

Nikacheka mpaka machozi.

Halafu nikaandika kwa group, "Inauma sana wazee wangu." Nikaweka na vile vikatuni vya kulia, vitatu.

Huo ulikuwa uongo mtupu. Rangi ya gate nayo ilishika suruali, haijatoka mpaka leo.

Kesho yake Shikuku akaja karakana. Macho mekundu, lakini ana plan. Jumamosi mchana Kocha anakuja uwanjani kurudisha mipira, cones na funguo za store. Mashabiki wote watakuwa pale. Tutamzika.

Nikauliza, "Kumzika namna gani?"

"Tuko na carton ya fridge, tumeifanya jeneza. Tunaibeba, tunazunguka nayo uwanja, tunaiweka mbele yake. Akitoka hapo aende Butere akiwa maiti. Sasa Fundi, mazishi bila isukuti ni mazishi gani?"

Wakuu, sikufikiria hata dakika moja. Nikamwambia sawa. Misimu miwili nimengoja kuibana ile ngoma mbele ya watu, na huyo mtu awe anaangalia. Nilikubali haraka mpaka Shikuku mwenyewe akashangaa.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Mama kuichukua. Aliniona nainua kikapu cha vitunguu akafurahi. Akaleta kitambaa, akaanza kuipangusa yeye mwenyewe.

"Leo mnacheza na nani?"

Nikamwambia hatuchezi. Nikamweleza.

Mama aliacha kupangusa. Akakaa kwa stuli.

"Hii ngoma mara ya mwisho kupigiwa mtu aliyekufa, ilikuwa baba yako."

"Mama, ni mchezo tu. Ni carton."

"Kifo hakichezewangi. Na wewe unajua. Ukimpigia huyo mtu ya mazishi na anakusikia na masikio yake, siku atakufa ukweli utaenda kwao Likuyani na mikono gani?"

 Kwa wageni wa mila zetu niwaeleze: isukuti inapigwa harusini na inapigwa matangani, lakini mapigo si yaleyale, na kila mtu wa huku anayatofautisha hata akiwa amelala. Ya msiba haipigwi hovyo. Nilijua hayo yote kabla Mama hajafungua mdomo, na bado nilikuwa nimesema sawa. Hasira hufanya mtu mzima awe mjinga.

Hata hivyo nilibeba ngoma nikaenda. Nilikuwa nimeshaahidi, na niliogopa wenzangu.

Uwanja ulikuwa umejaa kuliko siku ya mechi. Jeneza la carton lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, limebebwa na wanaume wanne, Shikuku akiwa mbele. Ndani walikuwa wameweka jiwe na kiatu kizee cha mpira ili liwe na uzito wa kuaminika.

Kocha akatokea upande wa mahindi, peke yake, gunia la mipira mgongoni. Angeweza kutuma mtu. Angeweza kugeuka alipotuona. Alitembea tu mpaka akafika karibu, akaona jeneza, akaniona mimi na ngoma.

Akaelewa.

Akaweka gunia chini. Halafu akavua kofia, akaishika kifuani na kuinamisha kichwa, vile mtu hufanya akifika matanga ya jirani. Amesimama hivyo, anangoja azikwe.

Watu wote wakanigeukia mimi. Shikuku akaniambia kwa sauti ya chini, "Piga."

Wakuu, ile kofia ndiyo ilinimaliza. Mikono ilikuwa juu ya ngozi na haikutaka. Akilini nikamuona Mama kwa stuli yake. Nikamuona baba. Nikawaza, huyu mtu anahama nyumba, hajakufa, na sisi kwetu mtu akihama nyumba kuna pigo lake.

Nikapiga lile la kumtoa bibi harusi kwao.

Wale wawili wa ngoma zile nyingine walinitazama kama nimerukwa na akili, lakini wakafuata, kwa sababu ndiyo kazi yao. Na hapo ndipo mtajua watu wa Kakamega. Hilo pigo huwezi kulisikia ukasimama wima. Mabega ya watu yalianza yenyewe. Wale wabebaji wanne walijikaza kidogo, halafu wa nyuma akaanza, wa mbele akaanza, jeneza likawa linacheza na wao mpaka chini yake ikafunguka. Jiwe likaangukia mguu wa Shikuku.

Mama Nekesa akapiga vigelegele. Shikuku anaruka na mguu mmoja, na bado yuko kwa mdundo.

Na Kocha akacheza. Alicheza vibaya, kama mtu anajaribu viatu dukani, lakini alicheza, na kofia yake bado iko mkononi.

Sijui kama mnanielewa nikisema nilihisi mzigo umeshuka. Kama ningepiga lile lingine, leo singekuwa naandika hapa. Ningekuwa najificha.

Watu walipotulia, wengine wakamsalimia, wengine wakaenda zao bado wamenuna. Kocha akaja tukakaa kwa nyasi. Nikamuuliza ile kitu nilibeba misimu miwili. Nilimkosea nini?

Akafungua kadaftari, akatafuta ukurasa, akanionyesha mishale mingi tu, yote inaelekea mbele.

"Fundi, ukianza kupiga, beki namba mbili anapanda mbele. Namba tatu anapanda. Siku ile hata kipa alifika katikati ya uwanja. Nilikuwa napiga kelele mpaka koo inakauka. Walikuwa wanakusikianga wewe, mimi hawanisikii."

"Sasa si ungeniambia tu, Kocha."

"Ningekuambia unapiga vizuri sana, ungepunguza?"

Nilicheka, kwa sababu ukweli ni kwamba ningeongeza.

Lakini niwe mkweli, sikumwamini. Niliona ni maneno ya kuniliwaza. Sasa ngojeni.

Wikendi iliyofuata tulikuwa na mechi nyumbani, kocha mpya hajafika, captain ndiye anasimamia. Ngoma imerudi. Nilipiga mpaka watu wa shambani waliacha majembe wakaja kando ya uwanja. Dakika thelathini tuko mbili bila. Nililia, sioni haya.

Second half nikaongeza. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nikaangalia mpira nikiwa napiga, badala ya kufunga macho vile nimezoea.

Namba mbili alikuwa amepanda. Namba tatu alikuwa amepanda. Kipa wetu alibaki nyuma peke yake anaangalia watu watatu wanamjia.

Tulifungwa tatu kwa mbili. Mabao yote matatu yalipita mahali ambapo mabeki wetu walitakiwa kuwa, na wao walikuwa mbele wanacheza isukuti na miguu.

Misimu miwili nilikuwa nafikiri yule mtu ananidharau. Kumbe ndiye peke yake pale uwanjani alijua nguvu ya hiyo ngoma. Hata baba sidhani alijua.

Siku hizi napiga na macho wazi. Tukiwa na mpira napiga. Tukiupoteza naweka kiganja juu ya ngozi, ngoma inanyamaza, na unaona mabeki wanarudi nyuma mbio kama wameitwa nyumbani. Mechi iliyofuata tulishinda moja bila. Vitunguu vya Mama sasa viko kwa sufuria iliyotoboka, na ngoma imerudi ukutani.

Nilichojifunza, wakuu: kama mtu amekukataza kitu na hakueleza, muulize siku hiyohiyo. Mimi nilikula hasira misimu miwili na jibu lilikuwa kwa kadaftari, hatua kumi kutoka mahali nilisimama. La pili, usikubali kumzika mtu kabla hujalala ukaamka.

Sasa nimebaki na shida moja, na ndiyo imenileta kwenu.

Juzi nilimpigia Kocha simu nimwambie alikuwa sahihi. Alicheka, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akaniambia Butere wanakuja kucheza kwetu mwisho wa mwezi.

"Fundi, siku hiyo naomba kitu kimoja tu. Ile ngoma nilikunyima, nipigie dakika zote tisini. Usipumzike hata kidogo."

Nikamwambia nitafikiria. Kabla hajakata simu nikasikia anageuza kurasa za kadaftari.

Basi nipeni maoni yenu, wapenda mpira na wasiopenda. Huyu mtu nina deni la heshima kwake. Nipige zote tisini, ama niweke kiganja juu ya ngozi?