Mjukuu Wangu na Barua ya Uhamisho

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa masijala katika ofisi ya elimu ya wilaya, na katika utumishi wangu wote hakuna jalada lililopotea mikononi mwangu. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa ndilo lililomponza mjukuu wangu.

Aliletwa kwetu mjini, Bunju, mwezi Januari, baada ya binti yangu, mama yake, kufariki dunia kijijini. Msichana alikuwa anaanza darasa la saba. Kule alikwenda shule na dumu la maji mkononi na fagio la chelewa kwapani, na bado alishika nafasi ya kwanza. Alitaka kuwa mpima ardhi. Wapimaji waliwahi kufika shambani kwao wakamshikisha mwisho wa tepu, naye hakusahau jinsi watu wazima walivyonyamaza kuingoja namba atakayoisoma.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alinifahamu tangu kazini.

"Shikamoo, mzee. Mwache aanze leo. Namsajili kwa mtihani, barua itamkuta darasani."

"Marahaba. Mwanafunzi haandikishwi bila barua ya uhamisho, mwalimu."

Akacheka. "Mzee wangu, umestaafu wewe, faili limekataa!"

Sikucheka. Nilirudi na mtoto nyumbani, nikaiandikia shule ya kijijini kuomba barua hiyo, nakala kwa afisa elimu wa kata na wa wilaya.

Kata walikosa muhuri. Wilayani barua ilipelekwa dawati lisilohusika, ikalala huko. Kila Jumatatu nilipiga simu, nikajibiwa na vijana wasiojua tofauti ya kupokea barua na kuisajili. Hasira hiyo sijaimaliza hadi leo.

Wiki zote hizo mtoto alishinda barazani amevaa sare.

"Babu, imekuja?"

"Bado. Mambo yanakwenda kwa utaratibu."

Mke wangu alikuwa akichambua mchele. "Utaratibu ndio utamfundisha hesabu? Mke mwenzangu huyu anazeekea barazani kwako, na wewe unapiga simu!"

Barua ilifika hatimaye, ina mihuri yote. Nilivaa koti kuipeleka. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akanirudishia, safari hii bila utani.

"Usajili wa watahiniwa ulifungwa wiki iliyopita, mzee. Labda mwakani."

Mwezi Juni baba yake alikuja kumchukua. Wadogo zake huko kijijini hawakuwa na wa kuwapikia, na msichana asiye na mtihani, alisema, hana anachongoja mjini. Nilikuwa na hoja nyingi za kumjibu, lakini zote zilihitaji mtoto aliyesajiliwa. Mjukuu wangu aliniamkia, akachukua begi lake.

Chumbani aliacha daftari. Ndani alikuwa amechora kiwanja chetu, pande zote nne, vipimo vimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Alikuwa amepima kwa kamba ya kuanikia nguo aliyoipiga fundo kila baada ya mita moja. Nilitoa hati ya kiwanja nikalinganisha. Pande tatu zilikubaliana, mmoja ulipungua. Nikadhani amekosea. Nilitoka na tepu nikapima mwenyewe: uzio wa jirani umeingia kwetu penye kona moja, nami nimeishi hapa miaka yote nikiiamini karatasi.

Januari nyingine imepita. Baba yake hupokea kwa adabu simu zangu za kumtaka mtoto arudi shule, na kusema wataangalia. Daftari nimelitia katika jalada nililomfungulia mtoto, juu ya ile barua.