Kengele ya Jua Kuzama

Siku moja hapa Gungu, Kigoma, niliulizwa kazi yangu ni nini, nikajibu kwa uvivu kwamba nashughulika na mambo ya saa. Kesho yake jirani akaniletea saa ya ukutani iliyosimama tangu harusi yake, na bodaboda wa pale kona akanivulia ya mkononi. Nilizibadilishia betri, zikatembea, na sifa zangu zikafika mpaka Simbo. Basi sikuhangaika tena kueleza kwamba ninachotengeneza ni maktaba ya programu, yaani msimbo ambao mafundi wengine wa kompyuta huuazima badala ya kuandika wa kwao, na kwamba maktaba yetu ina kazi moja tu, kuhesabu tarehe na saa. Tunaoitunza ni wachache, kila mtu na nchi yake, na hatujawahi kuonana.

Mtu pekee niliyetamani aielewe kazi hiyo ni mama, na mama hakuwa na haja na saa.

Alizaliwa Nyanza-Lac, upande wa Burundi, akaletwa Ujiji mgongoni kwa bibi wakati watu wanakimbia machafuko. Akakulia hapa, akaolewa hapa. Baba alipofariki, na dada yake aliyebaki kule akaishiwa nguvu za miguu, mama alifunga kanga zake akaenda kumwuguza. Alisema anaenda mara moja. Hiyo mara moja imekuwa ndefu kuliko masomo yangu yote. Kinu chake nilikihamishia Gungu, kipo jikoni, na sijawahi kutwanga kitu ndani yake. Wageni wakikikalia nawainua. Ndivyo ninavyomkumbuka mama, kwa namna ya kuudhi watu.

Kabla ya kuondoka alitoa amri. "Jua likiingia nyuma ya milima ya Kongo, piga simu. Nitakuwa mwaloni." Ndani ya nyumba ya mama mkubwa simu yake hushika mnara wa Burundi na sauti hukatikakatika, lakini pale mwaloni, zinapoegeshwa mitumbwi, laini yake ya Tanzania hushika mnara wetu. Basi kila jioni mimi huku na yeye kule tulilitazama jua lilelile likizama, halafu nikapiga. Saa za Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, ila jua halijui mpaka.

Nilipokwenda kumwona mwaka jana akanishangaza. "Niwekee kitu kwenye simu," alisema, "kiniambie jua linazama."

"Mama, si unaliona?"

"Nasahau kutazama. Uzee huo."

Nilifurahi kupita kiasi! Baada ya miaka yote hiyo mama alikuwa ameomba kitu kutoka kwenye mikono yangu. Palepale ndani nikamwekea kengele iliyotumia maktaba yetu, nikamchagulia mlio wa jogoo, nikarudi Kigoma nikiwa na kichwa kikubwa.

Kengele ikafanya mambo ya ajabu. Nilikuwa nimeiweka simu ikiwa na saa ya Burundi. Mama alipofika mwaloni, simu ikashika mnara wetu, ikajisogeza mbele saa nzima, na jogoo akawika kabla ya wakati wake. Mama akangoja weee, akaona sipigi, akainuka akaenda zake. Nilipopiga mimi, simu iliita bila kupokelewa.

"Hukuona kwamba jua bado lipo juu?" nilimwuliza kesho yake.

"Kulikuwa na mawingu."

Nikaamini, maana nilikuwa na hasira na maktaba, si na mawingu. Kosa nililijua. Maktaba ilikuwa inabeba saa bila kubeba mahali, kama mtu anayekwambia tukutane dukani asikwambie duka gani. Nikaandika marekebisho. Msimamizi wetu, mzungu mmoja wa nchi ya baridi, akayakataa. Alitaka kila wakati uhifadhiwe kwa saa moja ya dunia nzima, mambo yaishe. Nikamjibu, nikimtolea mfano wa mama na mimi, kwamba kwa jambo lililokwisha kutokea ni sawa, lakini ahadi bado haijatokea, na ahadi ina mahali pake. Tukabishana wiki kadhaa kwa maandishi ya adabu sana. Mwishoni akauliza, ahadi yako na mama yako mmeifunga kwa saa ya kwako au ya kwake?

Si yangu wala si yake; tuliifunga kwa jua.

Ndipo nikaandika sehemu ya kupiga hesabu ya jua kuzama mahali popote mtu alipo. Hata hiyo ilichelewa, kwa kuwa hesabu inajua ukingo wa dunia tu, haina habari na milima ya Kongo, ambayo hulimeza jua mapema. Nikaongeza nafasi ya kupunguza dakika za milima. Yule mzungu akakubali, tena akashukuru. Nikampigia mama kumtangazia kwamba sasa kengele yake haikosei.

"Mungu akuzidishie, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa Kirundi. Nilitembea na baraka hiyo kama nimevaa nguo mpya.

Halafu asubuhi moja mama mkubwa akanipigia kwa simu ya jirani.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Acha kujisifia kengele. Anaizima. Mdogo wangu haoni jua, mwanangu. Ukungu umemfunika macho yote mawili. Tangu kengele ile ilipomdanganya, akishakula cha mchana tu anashika njia ya mwaloni, anaikanyaga kwa mazoea, anakaa pale mpaka upige."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akikwambia utakuja kumchukua, na mimi atanipikia nani? Ndivyo anavyosema. Na mimi nikanyamaza. Nimekuibia mama yako."

Sikuweza kumkasirikia. Nilikuwa nalia, na mtu hawezi kufanya yote mawili vizuri. Nikaamua papo hapo kwenda kuwachukua wote, mwenye macho na mwenye miguu. Hilo ningemwambia mama ana kwa ana, maana kwa simu angekataa.

Siku hiyo niliiacha kompyuta wazi, nikashuka kwenye mwalo wa Kibirizi baada ya chakula cha mchana. Akina mama walikuwa wakigeuza dagaa kwenye vichanja, na jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu, kali, halina hata wazo la kuondoka. Nikapiga. Alipokea kabla mlio haujaisha.

"Mbona mapema leo?"

"Si mapema, mama," nilisema. "Jua limezama."

Niliyasikia maji ya upande wake yakigonga mitumbwi. Alikuwa amekaa pale juani, na joto lile lile lililonichoma mimi lilikuwa usoni pake.

"Ego, mwana wanje," aliitikia. "Hata huku limezama."