Mwalimu wa Anderlecht na Ugomvi wa Nchi Mpya

Jumatatu asubuhi nilipata habari kwamba yule mama aliyekuwa akifundisha historia kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa kule mtaa wa Anderlecht amefariki dunia, baada ya kuugua wiki tatu. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilikwenda darasani kwake mara ya kwanza nikitafuta habari ya kuandika, nikarudi kwa sababu alijua kufundisha. Kwao Bukavu alikuwa mwalimu wa sekondari. Hapa Brussels aliwaogesha na kuwalisha wazee wa mtaa wa Uccle kwa miaka mingi, na Jumamosi akawaandaa watu wazima kwa mtihani wa kumaliza sekondari.

Siku ninayoikumbuka alikuwa akieleza jinsi Marekani ilivyogawanyika. Alichora ramani: kusini kwenye utumwa, kaskazini kusiko nao, na magharibi nafasi kubwa ambayo, alituonya, haikuwa tupu, ilikuwa na wenyeji wake. "Bugomvi iliwakia hapa," akasema, akigonga ubao. Kila eneo jipya lilipotwaliwa, swali lilikuwa lile lile: utumwa uingie au uzuiwe? Wakubwa wa serikali walichora mstari ambao utumwa usiuvuke, baadaye wakaufuta. Wakasema walowezi wa Kansas waamue kwa kura, na watu wakauana huko. Mwishowe akachaguliwa rais aliyeahidi kwamba utumwa hautavuka kwenda maeneo mapya, na majimbo ya kusini yakaanza kujitoa hata kabla hajaapishwa. Vita vikafuata.

Mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, akanyoosha mkono. "Maman, bale batumwa benyewe, ni nani alibauliza?"

"Hakuna mwenye alibauliza." Mwalimu akaweka chaki chini, akamtazama. "Na wewe, nani anakuulizaka?"

Mwanamke akaanza kulia. Baada ya darasa alitueleza. Jamaa yake alimtoa Goma, na kwa miaka miwili alikuwa akipika, akifua na kulea watoto katika nyumba ya jamaa huyo kule Uccle bila mshahara. Pasipoti yake ilikuwa imefungiwa kabatini. Jumamosi alikuwa akiaga kwamba anakwenda kwenye kwaya. Mwalimu hakumhubiria, alimuuliza tu anataka nini. Mchana ule ule tulikwenda watatu kwenye nyumba ile, mimi nikiwa shahidi.

Mama mwenye nyumba alitukaribisha kwa chai. "Huyu ni mutoto ya ndugu yangu, maman. Hapa tuko famille. Passeport niliiweka juu isipotee."

"Bon, aksanti kwa kuichunga. Mwenyewe amefika, umupatie."

"Na nikikataa?"

"Alors tutangoya polisi hapa hapa, na chai yako tutamaliza."

Mwenye nyumba akabadili sauti. "Umuambie afikiri muzuri."

"Usiniambie mimi. Umuulize yeye."

"Nataka kutoka, tantine," mwanamke akamwambia yule mama mwenye nyumba. Akarudia. Pasipoti ikaletwa.

Alikaa kwa mwalimu miezi minne. Leo ana mkataba wa kazi katika jiko la nyumba ya wazee, na mtihani alifaulu. Lakini kanisani watu waligawanyika. Wengine waliacha kumsalimia mwalimu kwa kuaibisha familia ya watu. Wengine, wenye nia njema, walileta suluhu: tukubaliane kwamba kuanzia sasa asiletwe tena mtu kwa namna ile, ila waliokwisha kuletwa katika nyumba nyingine wasiguswe, amani isivunjike. Mwalimu alisimama katikati ya mkutano akauliza, "Na bale benye bako mule sasa, batangoya mpaka lini?" Katika miezi iliyofuata, wanawake wengine wawili walimjia wenyewe.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima, na sina shaka nalo. Kuuwekea uovu mpaka ni hatua, na mara nyingine ni hatua inayogharimu vita. Ila mpaka huwatuliza zaidi wale walio nje yake. Aliye ndani huona ukuta tu. Kwa hiyo tunapokaa kwenye mikutano yetu kujadili jambo baya liishie wapi, tuanze kwa kumwita yule linayempata, tumpe kiti, na tumsikilize kabla hatujapiga kura.