Kichanja Kilichofungwa kwa Kekele

Kekele iliyolala majini siku mbili hutoa harufu ya majani yaliyooza na moshi wa mbali. Ni mmea wa msituni, mrefu na mgumu, ambao wavuvi wetu wa Kisangani husukia mitego. Likizo ile, nikiwa na miaka kumi na mmoja, pipa lililojaa kekele lilikaa uani kwetu Simi-Simi, na harufu yake iliingia hadi kwenye ugali. Papa, ambaye alikuwa seremala, alikuwa anatengeneza kichanja juu ya pikapu yake kuukuu. Tonton Raphaël, mdogo wake mama, alikuwa amechongewa mtumbwi mpya msituni, kando ya barabara ya Bafwasende. Ule wa zamani ulivuja kiasi kwamba alichota maji mengi kuliko alivyovua samaki. Kutoka msituni hadi pale alipovulia, chini ya maporomoko, hapakuwa na njia ya maji. Mtumbwi ungelazimika kupanda gari.

Papa alisimamisha nguzo nne za mti mgumu kwenye pembe za sehemu ya mizigo, akalaza boriti moja nyuma ya kichwa cha gari na nyingine juu ya mlango wa nyuma. Misumari hakuitaka. Alisema barabara yetu huing'oa mmoja mmoja kama meno ya mzee. Viungo vyote vilifungwa kwa kekele iliyolowa maji, inayojikaza yenyewe inapokauka hadi mbao zinalia. Kaka yangu Faustin, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Papa alikuwa amemwahidi kwamba kichanja kikifika salama, angeingia karakana yake kujifunza useremala. Faustin hakuzungumzia kitu kingine wiki nzima. Alipima hata vijiko vya mama kwa shubiri.

Alasiri ya mwisho vilibaki viungo viwili vya nyuma, na kekele ya kwenye pipa ikaisha. Papa alikuwa ameenda kutafuta mafuta ya gari. Faustin alitia kekele nyingine majini, akaniambia tungemaliza baada ya siku mbili. Alipoenda kunoa panga kwa jirani, wenzangu walinipigia mluzi kutoka uwanja wa mpira. Sikutaka kazi inikalie shingoni. Nilichukua kekele kavu iliyoning'inia ukutani, nikafunga viungo vyote viwili, nikasikia nyuzi zikikatika ndani nilipozikunja. Kisha nikamwagia maji, zifanane rangi na zingine. Faustin aliporudi nilimwambia nimepata nyingine iliyolowa, chini kabisa ndani ya pipa. Aligusa, akakuta pamelowa, akaniamini.

Kwenda msituni kuuchukua mtumbwi kulikuwa raha. Kurudi, Tonton Raphaël alisimama nyuma akiushika mtumbwi wake kama bibi harusi.

"Shemeji, enda polepole, huyu hayazoea gari!" alipiga kelele, nasi tukacheka.

Kwenye shimo la tatu au la nne boriti ya nyuma iliruka. Mtumbwi uliteleza, ukapiga ardhi kwa kisigino chake, ukapasuka hadi katikati. Tonton alishuka, akaupapasa ule ufa, akaketi juu yake.

"Ni nani alifunga hii ya nyuma?" papa aliuliza.

Faustin alinitazama kidogo. "Ni siye wawili, papa."

"Weye njo mukubwa," papa alimjibu, na kosa likawa la mkubwa.

Nilikuwa na mdomo. Niliutumia kumezea mate.

Faustin hakuingia karakana. Alikwenda Barumbu, mbali kufuata mkondo wa mto, na Tonton kuvua kwa mtumbwi wa kuazima, akabaki huko. Mimi nilimaliza sekondari, na papa alipochoka, randa na misumeno yake ikawa yangu. Nimekula kwa vyombo hivyo maisha yangu yote.

Mwaka huu Faustin amekuja na mjukuu wake Espérance, anayeendesha pikapu na kupeleka mitumbwi ya wachongaji mtoni. Espérance alitaka kichanja. Tulipokuwa tumeketi kando ya pipa, ile harufu ilinitoa maneno. Nilimweleza Faustin yote, hata yale maji niliyomwagia.

Alizamisha mkono kwenye pipa, akaipapasa kekele.

"Mimi nilifikiri ni mikono yangu," alisema. "Miaka yote hii. Hata nyavu zangu nilikuwa nakaza mara mbili."

Alinyanyuka, nikadhani anaondoka. Kumbe alikuwa anakunja mikono ya shati.

"Espérance, leta hii ya majini. Kavu usimupe huyu muzee, ataenda kucheza mupira."

Siku hizi kuna chuma na kamba za nailoni kila duka, na Espérance alituambia hivyo mara kadhaa. Barabara ina mashimo yake yaleyale. Lakini Faustin alifunga viungo sita, akaniachia viwili vya nyuma, akasimama juu yangu hadi nikamaliza. Tulingoja vikauke. Jana mtumbwi wa kwanza ulifika mtoni mzima. Vidole vya kaka yangu, vilivyopinda kwa makasia, vilizunguka kiungo baada ya kiungo, na vile alivyofunga mwenyewe ndivyo alivyovigusa kwa muda mrefu zaidi. Kisha akaniuliza karakana inafunguliwa asubuhi saa ngapi.