Hama Kiti, Dada

Wateja walimpachika wakili huyu wa kike jina la Hamakiti, naye hakukasirika. Ofisini kwake, juu ya duka la vioo, palikuwa na viti viwili mbele ya meza, kimoja karibu na mlango, kingine kinatazamana na dirisha. Mtu akija na kesi yake alikaa kwenye kile cha mlangoni akamwaga yote ya moyoni. Wakili alisikiliza kwa upole, hata chai akamwagizia. Kisha akasema, "Haya, sasa hama kiti. Wewe ndiye yule unayemlalamikia. Jitetee."

Wengine walicheka, wengine walinuna. Meneja mmoja wa kiwanda cha sabuni, aliyemfukuza mlinzi wake bila hata kumpa nafasi ya kujieleza, alihama kiti huku akijichekea. Akaanza, "Mimi ni mlinzi. Nilisinzia kazini kwa sababu..." Akakwama. Akakohoa, akajaribu tena, akakwama palepale. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo kama mambo hayawezi kumalizwa nje ya mahakama. Yakamalizwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Hamakiti: mteja asiyeweza kumsemea mpinzani wake hajaijua kesi yake mwenyewe, na yeye hawezi kuibeba.

Ofisi aliiendesha pamoja na mdogo wake wa kiume. Dada alishika kesi za wafanyakazi na waajiri. Mdogo wake alishika ugomvi wa wafanyabiashara, washirika waliokosana, mizigo iliyofika imeharibika, mikataba iliyovunjwa kabla wino haujakauka. Mama yao alifariki kijana yule akiwa bado wa kufungwa kamba za viatu, na dada ndiye aliyemlea, akamwogesha, akamsomesha, akamshauri mpaka na mke wa kuoa. Na hapo ndipo ulipo ugonjwa wa sisi tuliolea watu. Mtoto anaota mvi na kitambi mbele ya macho yetu, na bado tunamtafutia sweta asipigwe na baridi.

Kila mteja mgeni alipoingia, Hamakiti aliuelekezea kidevu mlango wa chumba cha ndani na kusema kwa fahari, "Yule ni mdogo wangu. Ananisaidiasaidia."

Asubuhi moja, kabla wateja hawajaanza kupanda ngazi, mdogo mtu alitoka chumbani kwake akasimama mbele ya meza.

"Dada, nataka kufungua ofisi yangu. Mwisho wa mwezi huu."

Hamakiti aliweka kalamu chini. "Wifi ndiye amekutia maneno?"

"Wifi yako hana habari. Nimetaka wewe ujue kwanza."

"Kwani hapa umekosa nini? Nani alikulea? Nani alikesha na wewe ulipougua surua?"

"Wewe, dada. Sijawahi kukana."

Alitaka kumgombeza zaidi, akaacha. Aliogopa, basi. Mume hakuwahi kuwa naye, watoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho ni sauti ya huyu upande wa pili wa ukuta, akibishana na simu na kupiga chafya tatu tatu kila asubuhi. Akiondoka, ofisi itabaki kama nyumba iliyohamwa.

Mdogo wake alivuta kile kiti cha dirishani. "Hama kiti, dada."

"Usinifanyie mchezo."

"Mbona wateja wote wanahama? Wewe je?"

Ilibidi acheke kidogo, maana alikuwa amenaswa kwenye mtego wake mwenyewe. Akazunguka meza, akakaa. Miaka yote ile hakuwahi kukaa pale. Jua la asubuhi lilimpiga machoni. Mdogo wake alikuwa amekwenda kukaa kwenye kiti kikubwa cha dada, nyuma ya meza, mgongo kwenye dirisha, na uso wake haukuonekana, kivuli tu. Kumbe watu wote aliowahamishia hapa walikuwa wakizungumza na kivuli, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Haya," alisema, akikinga macho kwa mkono. "Mimi ni mdogo wake Hamakiti."

Alijisikia alivyosema. Akaanza upya, polepole.

"Mimi ni wakili. Niliposhinda kesi ya wenye malori, dada aliwaambia watu tumeshinda. Niliposhindwa ile ya kampuni ya bima, aliwaambia mdogo wangu ameshindwa." "Nampenda sana dada yangu. Lakini nikiendelea kukaa hapa, iko siku nitamchukia. Sitaki ifike huko. Ndiyo maana naondoka."

Alishusha mkono kutoka machoni.

"Nimekosea wapi?" aliuliza.

"Hujakosea popote, dada," mdogo wake alijibu.

Mlango uligongwa. Aliingia mama mmoja mwenye karakana ya kushona, mteja wa zamani, sasa amekosana na mshirika wake, akashangaa kumkuta Hamakiti kwenye kiti cha wateja. Akamwonyesha yule aliyekaa nyuma ya meza.

"Huyu ndiye yule mdogo wako anayekusaidia?"

Hamakiti alikuwa bado na jua usoni.

"Huyu ni wakili," alisema. "Kesi kama yako ni yake. Mwisho wa mwezi anahamia ofisi yake. Mfuate hukohuko."

Wawili hao wakaingia chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Akamsikia mdogo wake akipiga chafya, moja, mbili, tatu. Aliinuka akavuta pazia, ili mtu mwingine atakayekaa pale asiumie macho. Kisha akarudi kukaa kwenye kiti kilekile cha upande wa pili, akamlilia mtoto wake aliyekua bila yeye kuona.