Glasi ya Maji Mezani kwa Monowara

Saa tatu asubuhi, soko la manjano la Nolkhali limeshachangamka. Monowara Khatun, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, anajifunga upindo wa sari kiunoni, anapokea kipande cha mzizi wa manjano kutoka kwa mteja, anakitumbukiza kwenye glasi ya maji.

Mteja, bwana mwenye mwavuli, anainama kutazama. Haipiti dakika, ukungu wa njano kali unashuka kutoka kwenye mzizi mpaka chini ya glasi.

"Mbona inachuja hivi?"

"Ulikonunua ni siri yako, kaka. Sasa tazama na huu wangu."

Mzizi wa Monowara umefifia, una rangi ya tope lililokauka. Anabadilisha maji na kuutia; yanabaki meupe.

"Lakini wako mbaya, dada! Mke wangu atasema nimeokota njiani."

"Mwambie umeokota kwangu."

Bwana anacheka, ananunua nusu kilo. Glasi inamwagwa, inasuuzwa, inarudishwa mezani. Ni kwa ajili ya glasi hiyo kwamba Monowara anaweza kufukuzwa Ijumaa hii kwenye kibanda alichosagia kwa miaka kumi na minne. Wauzaji watano wa jumla, wenye kauli katika chama cha soko, wametia saini barua: aiondoe, au aondoke yeye na kinu chake.

Mimi, mwandishi wa gazeti, nimeisoma barua hiyo mara tatu, na kila mara damu imenichemka. Inasema glasi "inaleta taharuki kwa wateja". Rangi iliyomo ndani ya maji haijatajwa popote.

Mizizi ya manjano ikichemshwa na kuanikwa hutoka imesinyaa na haina mvuto. Inazungushwa kwenye pipa mpaka ganda lisuguliwe, kazi ya nusu siku. Ila ukitupia viganja viwili vya unga fulani wa njano, nusu saa tu inang'aa. Unga huo una madini ya risasi, yanayodumaza akili ya mtoto, na mafundi huupaka viti na milango. Watu wazima wenye akili timamu wanauweka kwenye chakula cha watoto, kisha wanatoka hapo wanakunywa chai yao bila wasiwasi.

Hapa sokoni hauitwi sumu. Unaitwa ua la haradali.

Monowara anaujua vizuri, kwa sababu yeye na marehemu mumewe waliutumia kwa miaka kumi na moja. Binti yao Rehnuma alipoolewa, siku ya kumpaka bibi harusi manjano, mama mtu alichagua mizizi mizuri kuliko yote dukani na kuizungusha na unga huo pipani mara mbili.

"Nilitaka mwanangu ang'ae kuliko mabibi harusi wote wa Nolkhali," anasema. "Nilimpaka kwa mikono hii. Halafu nikawa nampelekea manjano yaleyale ya mchuzi, hata alipokuwa na mimba. Unanielewa, mwandishi? Yale mazuri niliwawekea wangu."

Mjukuu wake, Mim, ana miaka mitano na anajua kusema maneno tisa tu. Rehnuma ameyahesabu.

"Daktari alikuta risasi kwenye damu ya mtoto," anasema Rehnuma. "Hakuapa kwamba ni manjano peke yake. Aliuliza tu, mnakula nini nyumbani? Mama akaanza kutazama mikono yake."

Siku ya pili Monowara alifunga kinu. Unga uliobaki hakuumwaga mtoni, maana samaki wa mtoni ndio tunaokula. Aliufungia kwenye debe lenye kufuli, na debe liko juu ya rafu mpaka leo kwa sababu kila ofisi aliyokwenda ilimwelekeza ofisi nyingine. Kisha akanunua pipa jipya lenye mota na kuanza upya, bila rangi. Magunia arobaini kwa wiki yakawa kumi na manne.

Angeweza kusimama katikati ya soko na kutaja majina. Hajawahi. Kila Jumatatu pipa lake huwa bure kwa yeyote anayetaka kusugua bila rangi, na wauzaji wadogo watatu wameshakuja.

"Sitaki duka la mtu lifungwe," anasema. "Nataka pipa lake lioshwe."

Tofazzal, mmoja wa wale watano, anapita mbele ya kibanda na kusimama makusudi. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Monowara.

"Shemeji! Umekuwa daktari siku hizi? Tuandikie na sisi dawa!"

"Dawa yako maji, shemeji. Lete mzizi tutie."

Wabeba magunia wanaangua kicheko. Tofazzal ananigeukia mimi. "Mteja anataka njano. Tukimpa kahawia tutakula nini? Na huyu alitia rangi miaka kumi na moja, leo ndiye msafi?"

Hilo la mwisho ni kweli, na Monowara halikatai.

Mchana, nikiwa nanywa chai nyuma ya kinu, mlango wa uani unafunguliwa. Mwanamke aliyejifunika anaomba kilo mbili za "ile mbaya". Ni za kumpaka bibi harusi. Analipa, anazifukia ndani ya mfuko wa mchele na kutoka haraka. Nolkhali ni ndogo, na sauti yake naifahamu. Ni mke wa mmoja wa waliotia saini barua.

Natamani nimfuate barabarani nikimwita kwa jina la mumewe. Monowara anasimama mlangoni.

"Andika nilichouza. Nimemuuzia nani, hapana. Binti anayeolewa hajatia saini barua yoyote."

"Kwa hiyo wake zao wanajua!"

"Wanajua tangu zamani. Waume zao ndio wanaowatuma. Tangu mwaka jana wameshapita mlango huu wanne. Bado mmoja."

Wanne kati ya watano! Watoto wetu wale rangi ya viti, wao wale manjano. Sina neno la heshima la kuwaita watu hawa, na gazeti halitanichapishia lile nililonalo.

Mkutano ni Ijumaa baada ya swala. Rehnuma ameshaosha glasi tano na kuzipanga kwenye sinia.

"Sitawauliza wanauza nini," anasema Monowara. "Nitaomba kila mmoja atume mtu nyumbani, alete mzizi kutoka jikoni kwake. Tuutie hapohapo, watu waone kama jikoni kwao nako wanakula rangi."

Mpango wake zaidi ya hapo ni mmoja: abaki kibandani, na Jumatatu moja awaone wale watano kwenye foleni ya pipa lake.

Anaiweka glasi ya sita kwenye sinia. Namuuliza ni ya nani.

Anafungua kitambaa alichokihifadhi sandukuni miaka saba. Ndani yake mna kipande cha manjano kilichofungwa kwenye upindo wa sari ya Rehnuma siku aliyopakwa manjano, na bado kinang'aa.

"Yangu," anasema. "Mimi ndiye nitakayetia wa kwanza."