Alichoshukuru Taramati

Mjini Shinyanga, Taramati alijulikana kwa ulimi wake wa biashara. Mama huyu wa Kihindu mwenye duka angeweza kukuuzia blanketi katikati ya kiangazi, nawe ukaondoka ukimwambia ahsante. Lakini tangu mwaka 1995 alikuwa na siri, na siri hiyo ilikuwa ikimla.

Mwaka ule machimbo ya dhahabu yalikuwa yamechangamka, naye akataka kupeleka tochi na betri Masumbwe. Alimchukua mkwewe Sneha, mke wa Rushabh, mwanawe wa pekee. Asubuhi ya safari alikuwa amemwona Sneha akitapika nyuma ya jiko, akajua. Angeweza kumwacha nyumbani. Ila Sneha alikuwa mwepesi wa hesabu, na wachimbaji si watu wa kuendea kichwa kichwa, basi Taramati akajifanya hakuona. Walirushwarushwa ndani ya pikapu kutwa nzima. Wiki haikuisha, mimba ikatoka.

Baadaye zikatoka nyingine mbili, changa vilevile, ingawa mara hizo Sneha hakutoka hata mlangoni. Taramati akajihukumu: barabara ile ndiyo iliyomharibu, na aliyempeleka ni yeye. Watu husema majuto ni mjukuu. Kwake majuto yalishafika, mjukuu ndiye hakuonekana. Akaanza kumkanda mkwewe miguu kwa mafuta kila jioni. Majirani walishangaa, tangu lini mama mkwe akashika miguu ya mkwe? Wengine walimsifu kwa moyo wake, na kila sifa ilimchoma.

Mwaka 1998 Rushabh aliwapeleka wote wawili Nairobi, kwa daktari aliyekuwa ametuma damu ya Sneha Ulaya ikapimwe. Daktari aliyasoma majibu taratibu. Damu ya Sneha ilikuwa na hitilafu ya kurithi, iliyoifanya igande upesi kuliko kawaida. Huenda ndiyo sababu, alisema, ingawa hawezi kuapa; wapo wenye damu kama hiyo na wanazaa vizuri. Mimba ijayo wangejaribu sindano za kuzuia damu isigande. Taramati akauliza kuhusu barabara mbaya. Daktari akamjibu kwamba mtikisiko wa gari hautoi mimba changa.

"Namshukuru Mungu," Taramati akasema, machozi yakimtoka.

Ndipo alipomwona Sneha, uso umemshuka. Kumbe alikuwa anashukuru kwamba ubovu uko kwenye damu ya mtoto wa watu! Alitamani kuyameza maneno yake. Hatia ya miaka mitatu ilikuwa imemtoka, ikaingia nyingine, na hii hakuna daktari wa kumvua.

Rushabh alipotoka kutafuta teksi, Sneha alisema bila kuinua macho, "Umeshukuru nini, Mama?"

Taramati alikuwa na uongo mwingi mzuri. Hakuutumia.

"Nimeshukuru kwamba si mimi. Siku ile ya Masumbwe nilijua una mimba, mwanangu, na bado nikakuchukua."

"Najua kwamba ulijua," Sneha akasema. "Miaka yote hii nilikuwa naomba iwe ni wewe."